JIBU: Kinena kinauma, eksirei safi, niendelee na mazoezi ya marathoni?

Dada mleta mada, pole sana. Nimesoma swali lako na michango yote. Unajiandaa na mbio za Moshi, kinena cha kushoto kinauma ukikimbia na sasa hata ukitembea, eksirei imetoka safi, umeambiwa ni misuli, upumzike kidogo kisha uendelee. Jibu langu: usiendelee. Na si mbio tu, hata kuukanyagia mguu huo uzito wote acha kuanzia leo. Tafuta magongo utembelee mpaka upimwe MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Naandika kwa kirefu kwa sababu nimeyapitia haya mwenyewe, na mama aliyechangia hapo juu ametaja nyonga ya bandia bila kueleza mtu anafikaje huko.

Mimi nilipata ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, ile sehemu nyembamba inayounganisha mfupa mrefu na kile kichwa cha mviringo kinachoingia ndani ya nyonga. Sikuanguka wala sikugongwa. Maumivu yalikuwa ndani kabisa ya kinena, mahali ambapo kidole hakifiki. Mwanzoni yalikuja mwishoni mwa mazoezi na kuisha nikikaa, baadaye yakahamia kwenye ngazi, mwishowe yakawa ya kila hatua. Kupanda daladala ikabidi nishike suruali pale pajani, niuvute mguu kwa mkono ndipo ufike kwenye kidato. Kituo cha kwanza nilikokwenda waliniambia misuli, kama wewe. Daktari wa mifupa ndiye aliyenilaza chali, akakunja goti langu na kuizungusha nyonga taratibu kwa ndani. Nilipiga ukelele hata watu wa kwenye foleni wakasikia. Misuli iliyovutika mara nyingi ukiibonyeza inauma. Mimi ungebonyeza paja lote nisiseme neno.

Kuhusu eksirei: ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani wiki za mwanzo, na wengine hauonekani kabisa mpaka mfupa uanze kujiunga. Mfupa haukatiki kwa pigo moja. Ni kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Mwili kila siku unaondoa mfupa uliochoka na kuweka mpya, lakini ukiongeza kilomita haraka kuliko kasi ya ukarabati, sehemu iliyoondolewa inabaki dhaifu na inaanza kupasuka. Ndiyo maana wanajeshi wapya kwenye mafunzo nao wanaupata sana. MRI inaonyesha uvimbe ndani ya mfupa mapema, kabla eksirei haijaona chochote. Ni gharama, najua, na bima nyingine zinataka kibali kwanza. Mwambie daktari wazi kwamba unahofia ufa kwenye shingo ya paja, akuandikie hivyo hivyo kwenye fomu.

Majibu yakitoka, uliza swali moja: ufa uko upande wa juu au wa chini wa shingo? Upande wa chini mfupa unabanwa ukisimama, hivyo ufa mdogo, usiofika nusu ya upana wa shingo, kwa kawaida hupona kwa magongo na kutokanyaga kwa wiki 6 hadi 8, huku ukifuatiliwa kwa picha. Wangu ulikuwa huo. Upande wa juu mfupa unavutwa, kila hatua inaupanua ufa, na hapo madaktari huwa hawasubiri, wanaweka skurubu kabla haujaachia. Ukiambiwa ni upande wa juu, usirudi nyumbani kujifikiria.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu ya damu. Mishipa mingi inayolisha kichwa cha paja hupanda ikiwa imeambaa kwenye shingo hiyo hiyo. Shingo ikikatika na kuhama, mishipa inachanika au kubanwa, na kichwa kinakosa damu. Tishu ya mfupa inakufa. Si kuoza wala usaha, na wala hutaona homa. Kwa miezi kadhaa kichwa kinaweza kubaki na umbo lake, kisha kinabonyea kwa uzito wa mwili, kiungo kinasagika, na hapo ndipo habari ya nyonga ya bandia inapoanza. Ndiyo sababu hata aliyewekewa skurubu vizuri anaitwa kupigwa picha mpaka karibu miaka miwili.

Ndugu aliyeshauri uchuliwe kwa maji ya moto na kunyooshwa nyonga, nakuomba uuondoe ushauri huo. Wala dada usijipime kwa kuruka kwa mguu mmoja kama video zinavyoonyesha, ufa unaweza kuhama hapo hapo. Na aliyesema ununue deksamethasoni duka la dawa: dawa za kundi hilo la steroidi, prednisoloni ikiwemo, zikitumika kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu ni moja ya sababu kubwa za kichwa cha paja kufa bila hata kuvunjika, na mara nyingi nyonga zote mbili. Mgonjwa aliyeandikiwa na daktari asiziache ghafla, ni hatari. Ninaowaonea uchungu ni mabinti wanaomeza vidonge hivyo ili wanenepe.

Pombe nyingi ya miaka nayo inaua kichwa cha paja, na selimundu pia, kwa sababu seli zilizojikunja zinaziba mishipa midogo ya mfupa. Tanzania tuna watoto wengi sana wenye selimundu. Mzazi unayesoma hapa, mwanao akianza kuchechemea au kulalamika kinena, au goti ambalo halina kitu, usihesabu tu kuwa ni maumivu yake ya kawaida. Nyonga ipigwe picha. Ikigundulika kabla kichwa hakijabonyea, wapo wanaotobolewa mfupa kupunguza shinikizo la ndani, na kiungo kikaokolewa. Kikishabonyea, njia huwa chache.

Bandia yenyewe si mwisho wa maisha, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanaweka. Bo Jackson wa Marekani aliumia nyonga uwanjani Januari 1991 akiwa na miaka 28, kichwa cha paja kikafa, akawekewa bandia 1992 na 1993 akarudi kucheza besiboli. Lakini bandia inachakaa, na kijana akiwekewa leo, huenda akafunguliwa tena uzeeni au kabla.

Dada, kuna jambo hukuandika nami nakuuliza kama mwanamke mwenzako: hedhi yako inakuja? Kama imepotea tangu uongeze mazoezi na kupunguza kula, mwambie daktari siku hiyo hiyo, pamoja na kupima vitamini D na wingi wa damu. Mwili usiopata chakula cha kutosha hushindwa kukarabati mfupa vizuri, na magongo peke yake hayatakusaidia. Mimi nilirudishiwa wali wa usiku niliokuwa nimeuacha, maziwa na dagaa, kabla sijaruhusiwa hata kutembea haraka.

Mbio za mwaka huu mwachie mwingine namba yako. Ukipata majibu ya MRI andika hapa ni juu au chini, na ufa umefika wapi, nitakueleza nilivyorudi kukanyaga hatua kwa hatua. Usiku mguu ukikataa ghafla kubeba uzito, au ukiuona umefupika na unyayo umegeukia nje, usisubiri asubuhi. Ubebwe umelala, moja kwa moja hospitali yenye upasuaji wa mifupa.