Kabla Hujanunua Kabati Kuukuu kwa Nia ya Kuliuza

Watu wengi wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kununua samani zilizotumika, kuzitengeneza na kuziuza huniuliza kwanza rangi gani ni nzuri. Mimi ningependa waulize hivi: kitu hiki kitanichukua saa ngapi, na kitakaa wapi wakati nakishughulikia? Rangi hupatikana dukani. Muda na nafasi havipatikani hivyo, na ndivyo vinavyokula faida ya anayeanza bila yeye kujua imekwenda wapi.

Chukua kabati la droo ulilolipata kwa theluthi ya bei unayotarajia kuliuzia. Ukiliangalia haraka haraka, theluthi mbili ni zako. Sasa anza kutoa: usafiri wa kulileta, msasa, praima (mpako wa kwanza unaotangulia rangi), rangi, vanishi, gundi, skrubu, na vishikio vipya vya droo (hivi vinaweza kuzidi gharama ya rangi, hasa kabati likiwa na droo sita na kila droo inataka viwili). Kilichobaki kigawe kwa saa zote ulizotumia. Nasema zote: saa za kwenda kulikagua, kulibeba, kulisafisha, kulipiga msasa, kulipiga picha, kujibu wanaouliza kama bado lipo, na kumsubiri mteja aliyesema yuko njiani halafu akazima simu. Namba utakayoipata ndiyo mshahara wako halisi. Kama unafanya kwa kupenda, inaweza kuwa ndogo na bado ukaridhika, kwa sababu kuona mbao iliyochoka inarudi kung'aa ni furaha ya kweli. Lakini kama umepanga kulipia ada au kodi ya nyumba kwa kazi hii, ijue namba hiyo mapema. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye samani mali hupotea upesi sana, kwa sababu matumizi yake ni madogo madogo: brashi leo, tina ya kuyeyushia rangi kesho.

Kanuni yangu mwenyewe ni kwamba bei ya kununua pamoja na usafiri isizidi theluthi moja ya bei ambayo kitu kama hicho huuzwa. Angalia neno hilo, huuzwa. Bei zinazotangazwa ni matumaini ya wauzaji. Fuatilia matangazo kwa muda uone vipi vinaondoka na vipi vinakaa mpaka tangazo linachakaa. Vinavyokaa vinakufundisha zaidi.

Kazi kubwa, basi, iko siku ya kununua. Ukifika kukagua, usianzie juu ambako kila mtu anaangalia. Chomoa droo zote uziweke sakafuni. Tazama pembe za droo: kama mbao mbili zimeshikana kwa meno yaliyokatwa na kuingiliana, aliyeitengeneza alikusudia idumu. Kama zimeshikwa na pini ndogo za chuma tu, usilipie kama kazi ya fundi. Kisha ingiza mkono ndani ya kabati upapase reli za droo, maana huko ndiko kunakolika. Lishike kabati kwa juu ulitikise kwa ubavu. Likiyumba, tafuta linayumbia wapi. Mwisho ligeuze uone chini na nyuma, ambako hakuna anayepaka rangi na kwa hiyo hakuna kinachofichika.

Kuyumba peke yake kusikutishe. Mara nyingi ni gundi ya zamani iliyokufa kwenye maungio, na matengenezo yake ni ya bei ndogo kama una subira: unafungua ungio, unakwangua gundi kuukuu mpaka mbao inaonekana, unatia gundi mpya, unalibana kwa klampu na kuliacha mpaka kesho yake. Gundi mpya ya mbao haishiki juu ya gundi iliyokauka, kwa hiyo kukwangua ndiyo kazi yenyewe. Anayekuambia upigilie msumari tu anakupa kitu kitakachopasuka baada ya mteja kulipa.

Cha kukimbia ni chipubodi (ubao wa kiwandani wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) iliyolowa maji. Angalia miguu na kingo za chini: ikishavimba hairudi, na skrubu iliyong'oka humo haipati tena pa kushika vizuri. Unaweza kuipaka rangi nzuri kuliko zote na bado ukingo uliovimba utaonekana kama mkate uliolowa. Iache ilipo.

Halafu kuna vinia, ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya mbao duni au ubao wa kiwandani. Si kitu kibaya, na samani nyingi nzuri za zamani zina vinia. Hatari yake ni unene. Ya siku hizi aghalabu haifikii hata milimita moja, na mashine ya msasa inaweza kuitoboa kwa sekunde chache ukitulia mahali pamoja, hasa kwenye kona. Doa la rangi tofauti litatokea hapo na halifutiki kwa msasa zaidi. Njia iliyobaki ni kupaka rangi nzito. Ili kutambua, fuata nyuzi za mbao kwa jicho kutoka uso wa juu hadi ukingoni. Zikishuka na kuendelea kwenye ncha kama zilivyoota mtini, ni mbao nzima. Zikikatika ghafla ukingoni na nyingine zikaanza upande mwingine, kuna vinia, na utatumia msasa laini kwa mkono.

Wadudu nao wana lugha yao. Vitundu vya duara vya milimita 1 hadi 2 ni njia walizotokea bungua waliokomaa. Vitundu vikavu vyenye vumbi la zamani huenda ni historia. Lakini ukigonga mbao ukaona unga mweupe mwepesi unadondoka, kuna kitu kinakula bado, na ukikiingiza nyumbani kinaweza kuhamia kwenye samani zako. Kwa makochi na viti vyenye sponji hofu ni kunguni: fungua mishono kwa vidole, tafuta vidoti vyeusi kwenye pindo na chini ya kile kitambaa cha upande wa sakafuni. Mimi humshauri anayeanza aache kabisa vitu vya sponji. Kukagua ni kugumu, na kuvisha upya ni ufundi mwingine wenye vifaa vyake.

Anzia wapi, basi? Meza ndogo za kando ya kitanda, meza za kahawa, stuli, makabati ya droo tatu. Vina uso ulionyooka, vinabebeka na mtu mmoja, na vinatoshea kwenye kona ya chumba. Seti za viti vya mezani huwavutia wengi kwa sababu hupatikana kwa bei ya chini, lakini hesabu maungio yake: kiti kimoja kina miguu minne, mataruma (vijiti vinavyounganisha miguu), mgongo na kalio, na kila sehemu ina pembe ambazo mashine haifiki. Zidisha kwa sita. Ndiyo maana vinauzwa rahisi.

Kuhusu afya sitazungusha maneno. Vumbi la mbao limewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika Kundi la 1, lile la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ya aina ya N95 au FFP2, na upigie msasa nje au mahali penye hewa. Samani za zamani zilizopakwa rangi zinaweza kuwa na risasi, yaani yale madini yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978 na kuna nchi zilizochelewa zaidi. Kuna vipimo vidogo vya kujaribia. Usipoweza kupima na rangi ni ya zamani, usiipige msasa mkavu, na usiifanyie kazi mahali wanapochezea watoto, kwa sababu vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Jambo la pili ni matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yale ya kupaka mbao. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Ukiyakunja na kuyatupa kwenye ndoo, joto linakosa pa kutokea na yanaweza kuwaka yenyewe usiku bila kiberiti wala cheche. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke na kukakamaa, au uyazamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

Sasa rangi. Osha kwanza. Mafuta ya mikono na polishi za miaka mingi huizuia rangi kushika, na msasa usiotanguliwa na kuosha unayasugulia tu ndani ya mbao. Msasa namba 120 kwanza, halafu 180, na 220 kati ya koti na koti, yaani kati ya mkono mmoja wa rangi na unaofuata (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Kisha usiruke praima, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa. Umepaka kabati la mwaloni au mahogani rangi nyeupe. Jioni linapendeza. Asubuhi unakuta madoa ya rangi ya chai yamepanda, hafifu katikati, mazito palipo na fundo la mbao. Unapaka koti la pili, yanapanda tena. La tatu, vilevile. Hiyo ni tanini, ambayo iko ndani ya mbao yenyewe, na maji ya rangi yako ndiyo yanayoiyeyusha na kuivuta juu. Kuongeza rangi hakusaidii. Dawa yake ni praima ya shelaki (utomvu wa asili wa kupakia mbao), ambayo msingi wake ni spiriti badala ya maji, na inafunga tanini chini. Shelaki hiyo hiyo, ile isiyo na rangi, ndiyo ninayopaka ndani ya droo zenye harufu ya sigara. Mbao isiyopakwa kitu hunyonya harufu, na sabuni haifiki ilikojificha.

Na si kila kitu kipakwe rangi. Mbao nzuri yenye nyuzi za kupendeza inastahili kusafishwa, kupigwa msasa mwepesi na kutiwa mafuta au vanishi safi. Kupaka rangi ni rahisi kwako leo, lakini kuitoa kwenye nyuzi za mbao ni mateso kwa yeyote atakayekuja baadaye. Kabla hujafunika mbao ya namna hiyo, lowanisha sehemu ndogo kwa kitambaa chenye spiriti. Kwa sekunde chache utaona itakavyokuwa ikipata vanishi, na mara nyingi uamuzi unajifanya wenyewe. Kama uso unaanza kunata, ujue kilichopo juu ni shelaki ya zamani.

Kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Rangi ya maji hukauka kushikika kwa saa moja au mbili, lakini huendelea kukomaa kwa wiki tatu au nne. Katika kipindi hicho usilifunge kabati kwa plastiki wala kuweka chombo kizito juu yake, maana vitaganda. Mwambie mnunuzi jambo hili kwa kinywa na kwa maandishi. Anayejua hatalalamika. Asiyeambiwa atadhani umemuuzia kazi mbovu.

Vishikio vipya visikusumbue ukipima sawa: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, si ukingo kwa ukingo. Vingi vya kisasa hutengenezwa kwa milimita 64, 96 au 128. Visipolingana na matundu ya zamani, ziba kwa kijiti na gundi, piga msasa, toboa upya.

Piga picha mchana karibu na dirisha, kwa mbele, kwa ubavu, droo zikiwa wazi, na moja ya karibu kabisa kwenye kasoro iliyobaki. Andika upana, kina na kimo, na useme kilichotengenezwa. Kwa kabati refu la droo, mpe mnunuzi mkanda na skrubu za kulifunga ukutani, kwa sababu mtoto akivuta droo na kupanda, kabati humwangukia. Yeyote anayetaka umhifadhie atoe arubuni; bila arubuni, wa kwanza kufika na pesa ndiye mwenye mali.

Kabati lisilouzwa linakugharimu kila siku kwa kukalia nafasi ya lingine. Soma dalili zake. Watu wasipouliza kabisa, badilisha picha ya kwanza kabla hujagusa bei. Wakiuliza na kunyamaza wakisikia bei, punguza. Wakija, wakaligusa, wakafungua droo na kuondoka, rudi kwenye kabati lenyewe, uvute droo ile waliyoivuta, utafute walichokisikia mkononi.