Maombi arobaini, usaili mmoja: anza na CV

Mdogo wangu, umesema umemaliza uhasibu pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, umetuma maombi kama arobaini na ukaitwa kwenye usaili mara moja tu. Pole. Ila nikuulize: yote hayo ulituma CV ileile? Basi hapo ndipo pa kuanzia.

Tangazo la kazi lisome kalamu mkononi. Wakitaka mtu wa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, nawe uliifanya kazi hiyo ukiwa fildi (mafunzo kwa vitendo), iandike kwa maneno yao, ukurasa wa kwanza. "Nilisaidia kazi za ofisi" haisemi kitu. Sema ulifanya nini, kwa wiki ngapi, kwa programu gani. Hata duka la mama pale soko la Majengo, kama wewe ndiye uliyekuwa unafunga hesabu jioni, ni uzoefu, usilionee haya. Kabila, dini na "napenda kusikiliza muziki" ondoa.

Kazi za serikali zina utaratibu wake. Kwenye Ajira Portal, mfumo wa serikali ya Tanzania wa kuomba kazi mtandaoni, jaza taarifa zote ndani ya mfumo, usitegemee CV pekee, na soma masharti ya viambatisho: matangazo mengi hukataa matokeo ya muda badala ya cheti chenyewe. Wanataka wadhamini watatu, yaani watu wanaokufahamu wa kuulizwa habari zako. Wapigie kwanza! Mimi niliwahi kumwandika mwalimu wangu ambaye namba yake ilishabadilika zamani.

Kurasa mbili zinakutosha. Mpe mtu mwingine aisome kabla hujatuma.