Maswali na majibu: Hurricane ya karatasi

Maswali yenu juu ya kuunda ndege za kivita kwa karatasi yamenifikia. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu leo.

Mwalimu, nianze na ndege gani? Wenzangu wanasema Spitfire. (Mwanafunzi, Morogoro)

Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, inapendeza macho, lakini bawa lake la mviringo litakutesa. Anza na Hawker Hurricane, ndege ya Uingereza aliyoibuni Sydney Camm, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1935. Kingo za bawa lake zimenyooka, na mwili wake wa nyuma ndio sababu hasa ya mimi kuipenda. Nyuma ya rubani hapakuwa na bati. Palikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma, juu yake fito nyembamba za mbao, kisha kitambaa kilichowambwa na kupakwa dawa ya kukikaza. Zile fito unaziona kwenye picha zikijichora chini ya kitambaa. Karatasi yako, mwanangu, inafanya kazi ileile ya kile kitambaa. Ukishaiunda sehemu hiyo kwa mikono yako utaelewa kwa nini risasi ziliweza kupenya upande huu na kutokea wa pili ndege isianguke, na kwa nini mafundi waliitia viraka papo hapo uwanjani.

Nimemaliza, lakini mabawa yana sentimita 35 tu. Nimekosea wapi? (Nakuru)

Kwenye printa. Hurricane halisi ina mita 12.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Kwa skeli ya 1:33, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 33, ambayo wachoraji wengi wa modeli za karatasi huitumia, unapaswa kupata karibu sentimita 37. Printa ilibana kurasa ili zitoshe kwenye A4. Mwambie mwenye duka achapishe kwa asilimia 100, na upime mstari mmoja kwa rula kabla hujakata chochote. Kama kurasa zote zilipungua sawasawa, modeli yako ni nzima, ni ndogo tu.

Ngozi ya mwili inabonyea katikati ya mbavu, vile vipande vya ndani vinavyoipa umbo. (Dodoma)

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwanza, karatasi ina upande inaokubali kukunjika na upande inaougomea. Ijaribu kwa vidole kabla ya kuchapisha, ili ule mkunjo laini uzunguke mwili wa ndege. Pili, usiikunje ikiwa bado bapa juu ya mbavu. Ilaze kwenye kiganja au kitambaa kinene, uiviringishie sindano ya kufumia mpaka yenyewe ishike umbo la bomba. Tatu, mbavu zako huenda ni kubwa. Zikate kwenye boksi la viatu, kisha zipige msasa hadi ziingie bila kusukumwa. Ubavu mkubwa huitanua ngozi pale ulipo, na kando yake panabonyea. Nami nilitupa miili miwili kabla ya kulijua hilo.

Gundi gani? (Kigoma)

Gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana, kwa ncha ya kijiti. Supagluu iweke kwa ajili ya magurudumu: bandika duara za kadi moja juu ya nyingine, zinyweshe supagluu hiyo, zikikauka zipige msasa.

Huku Tanga wino unachuruzika nikigusa gundi.

Dada, kachapishe kwa printa ya leza. Ukikosa, pulizia vanishi isiyo na rangi, safu nyembamba, uache ikauke usiku kucha kabla ya kukata.

Ndege hizi ziliwahi kufika kwetu? (Garissa)

Ndiyo. Mwaka 1940 na 1941 Skwadroni ya 3 ya jeshi la anga la Afrika Kusini ilirusha Hurricane kutoka Kenya kupigana na Waitalia, Somalia hadi Ethiopia. Machi 1941, karibu na mji wa Diredawa, Ethiopia, rubani wao John Frost alipigwa akalazimika kutua eneo la adui. Mwenzake, Bob Kershaw, akatua kumfuata. Wakajibana wote wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, wakaruka, wakarudi salama. Kwenye modeli yako kiti hicho kina upana wa ukucha wa kidole gumba. Kibandike kabla hujafunga mwili wa ndege, maana baadaye kibanio hakipiti.