Uliza Mwalimu wa Hisabati: Ndoo si mcheduara?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la tano aliambiwa apeleke shuleni kitu cha nyumbani chenye umbo la mcheduara. Akapeleka ndoo ndogo ya plastiki, akakoseshwa. Ndoo si ya duara jamani? Halafu wametakiwa kupeleka piramidi. Hapa nyumbani nitaitoa wapi? – Mzazi, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mwalimu wake yuko sahihi, ingawa mimi ningempa mtoto nusu ya alama, maana duara ameliona.

Chukua uzi, zungusha kwenye mdomo wa ndoo, kisha kwenye kitako. Mdomo umezidi. Mcheduara sharti duara la juu na la chini yalingane, kama kopo la maziwa ya unga au kipande cha bomba la maji. Ndoo ina umbo la pia, yaani lenye duara upande mmoja na ncha upande wa pili, ila ncha imekatwa. Imepanuliwa juu makusudi, ili dukani ziingiane na kupangwa nyingi mahali padogo. Makopo ya saizi moja hayaingiani hata ukisukuma. Akitaka umbo la pia lililo kamili, mpe kawa la ukili lenye ncha.

Piramidi mtengeneze wenyewe, ni kazi tamu sana. Sambusa wengi huitaja, lakini imetuna tumbo na kingo zake hazinyooki. Kata karatasi ngumu urefu wa sentimeta 21 na upana 8.7. Ikunje iwe bomba fupi, sentimeta moja ipandane na kugundishwa, mzunguko ubaki 20. Bana mdomo mmoja ubapa, uugundishe. Geuza bomba robo mzunguko, ndipo ubane mdomo wa pili, ili mbano huu na ule wa kwanza vielekee njia panda. Bomba litageuka piramidi mikononi mwako: pembetatu nne zinazolingana, bila kukata kitu kingine.

Waliosoma Kenya miaka ya 1980 wakinywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, wanaijua pakiti ya umbo hilo. Kampuni ya vifungashio ya Tetra Pak ya Sweden ilianza na pakiti ya namna hiyo: bomba la karatasi hujazwa maziwa huku likibanwa kwa zamu, mbano mmoja ukilala, unaofuata ukisimama.

Ikikauka, mwache mtoto ahesabu mwenyewe: nyuso 4, vipeo (ncha) 4, kingo 6. Akiishia kingo 5, mwambie aiinue kutoka mezani.