Gramu 249: soma kabla hujatoa hela

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi ya picha za harusi na macho yako yako kwenye droni ndogo, kaa hapa kidogo. Nina DJI Mini 2 tangu 2021. Imenilisha, imenipa wateja ambao kamera ya mkononi peke yake isingewaleta, na imenitoa jasho siku moja pale Bagamoyo mpaka nikaapa kuiuza. Sijaiuza.

Tuanze na hiyo namba inayoandikwa kwenye boksi. Muuzaji atakwambia, "Hii gramu 249, haina haja ya kibali." Kasema kweli, ila kweli ya Marekani. Kule mtu anayerusha kwa kujifurahisha hasajili droni isiyofika gramu 250, na ndiyo maana kiwanda kikaishia gramu moja kabla ya mpaka. Ukianza kulipwa, hata hukohuko msamaha huo unakwisha. Sisi Tanzania tuna kanuni zetu za mwaka 2018, na mlango wa kubisha ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kawaulize kabla ya kununua, maana ukinyang'anywa mbele ya wazazi wa bibi harusi, mzani hautakutetea. Mbugani ndiyo usithubutu kabisa bila ruhusa ya maandishi.

Sasa upepo, maana hapa ndipo wengi wanapolilia. Ilikuwa Julai, kusi limechachamaa. Bwana harusi alitaka picha za majahazi. Nikairusha kutoka ufukweni, nikaipeleka kaskazini kufuata ufuo, nayo ikaenda kama imetumwa dukani. Nilijiona fundi. Kumbe aliyekuwa anaisukuma ni upepo. Ilipofika kama mita 600 nilikuwa siioni tena kwa macho, naangalia simu tu (kosa, na nalikiri). Nikabonyeza kitufe cha kuirudisha nyumbani. Ikapanda juu kwanza, kama ilivyopangiwa, na huko juu upepo ni mkali zaidi. Ikawa inainamisha kichwa, inahangaika, namba ya umbali haishuki.

Piga hesabu mwenyewe. Katika mwendo wa kawaida inakwenda mita 10 kwa sekunde. Upepo wa mita 8 ukiipinga usoni, inabakiwa na mita 2. Mita 600 kwa mwendo huo ni dakika tano, na betri yangu ilikuwa asilimia 34, nyingine ikiliwa na huko kupambana. Kilichoniokoa ni mambo mawili: nilikatisha ile safari ya kujirudisha, nikaishusha mpaka usawa wa minazi ambako upepo umepungua, kisha nikahamishia kwenye mwendo wa kasi, ule wa mita 16. Ilitua ikiwa na asilimia 9. Bwana harusi alikuwa ananipigia makofi, anadhani ni madoido.

Kwa hiyo kanuni yangu siku za kusi: naanza kuirusha kuelekea upepo unakotoka. Betri ikichoka, upepo huohuo unanirudishia droni yangu. Na asilimia 40 ikifika, naigeuza. Boksi linasema dakika 31 angani. Wewe hesabu 20, nunua betri tatu, lala usingizi.

Uzito mdogo una raha zake, nisije nikaonekana nailaani. Inaingia kwenye begi moja na lenzi zangu mbili. Naenda nayo kwenye bodaboda. Makelele yake ni madogo, shehe anaendelea na khutba bila kuinua kichwa. Picha za saa kumi na mbili asubuhi, maji yametulia na mwanga uko chini, mteja hawezi kukuambia zimepigwa na droni ya bei gani.

Usiku ndipo inapoumbuka. Kihisi cha picha ni kidogo, kwa hiyo kwenye send-off ya taa za rangirangi video inajaa chengachenga. Nilijaribu mara mbili, nikaacha. Ukumbini ndani pia usiirushe: setilaiti zinazoisaidia kujua ilipo hazionekani, inaanza kuteleza yenyewe, na Mini 2 haina macho ya mbele wala ya ubavuni, ina ya chini tu. Kamba ya turubai haioni. Waya wa umeme hauoni. Toleo la Mini 3 Pro la 2022 linaona mbele na nyuma, na kamera yake inasimama wima, jambo ambalo wateja wa siku hizi wanalitaka kwa ajili ya status. Kama mfuko unaruhusu, anzia hapo.

Kunguru nao. Dar wapo kila kona, na wakiwa na makinda hawana masihara. Wakianza kuizunguka, usikimbie kwenda mbele. Panda juu moja kwa moja, hawapandi haraka kama droni. Mwewe simwamini hata kwa hilo, nikimwona natua.

Mchanga unaua mota. Usitue ufukweni, idake mkononi au tandika mkeka. Ukibadilisha mapanga, tazama alama: yenye alama yanakwenda kwenye mikono yenye alama. Zile skrubu ni ndogo kama punje ya ufuta, zikidondoka kwenye nyasi umezisamehe. Ukinunua ya mtumba, fungua programu uone kila betri imechajiwa mara ngapi, halafu ilaze juu ya kioo. Ikichezacheza, imevimba, irudishe.

Na bandika namba yako ya simu kwenye mwili wa droni. Ya rafiki yangu ilianguka kwenye mikoko, mvuvi akaiokota, akaiweka juu ya kabati wiki mbili akisubiri mwenyewe. Hakuwa na pa kupiga.