Hita plagi mpya, trekta bado linagoma asubuhi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina trekta la zamani la dizeli, silinda nne. Asubuhi kukiwa na baridi napiga starta mpaka betri inachoka, linatoa moshi mweupe tu. Likishawaka halinisumbui kutwa nzima. Hata nikilizima nikapumzika, nikirudi linaitika mara moja. Mwezi uliopita nilibadilisha hita plagi zote nne (vile vipasha joto vya silinda kabla ya kuwasha), hali ni ileile. Siku hizi nalipulizia etha kwenye njia ya hewa ndipo liwake. Shida iko wapi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, achana na hilo kopo la etha. Etha haihitaji joto kubwa ili ilipuke. Ikikutana na ncha ya plagi iliyoiva, inalipuka pistoni ikiwa bado njiani kupanda. Nimeshafungua injini ya namna hiyo nikakuta rodi imepinda na pistoni imemeguka kwenye mifereji ya ringi, na mwenyewe anaapa kwamba alipuliza kidogo tu.

Huo moshi mweupe usikutie hofu. Ni dizeli iliyopulizwa na nozeli ikatoka bila kuungua, maana yake mafuta yanafika. Ungeniambia hakuna moshi kabisa, ningekupeleka kwenye filta na kutoa upepo kwenye njia ya mafuta. Kinachokosekana kwako ni joto, na kwa kuwa plagi ni mpya, mimi ningeanza kushuku njia ya umeme.

Angalia plagi zako. Kama kila moja ina waya mmoja juu na zimeunganishwa kwa kipande cha bati au shaba, basi kila plagi inapata volti zote za betri na kurudisha umeme kupitia silinda hedi. Ikifa moja, tatu zinaendelea. Injini itawaka ikitetemeka, lakini itawaka. Kama kila plagi ina vichwa viwili na umeme unapita kutoka moja kwenda nyingine kama shanga kwenye uzi, hiyo ni aina ya kale zaidi: ikikatika moja, zote zimekufa. Plagi za aina hiyo huhitaji volti chache tu kila moja, kwa hiyo usizipime kwa kuzipeleka moja kwa moja kwenye betri. Zitaungua palepale.

Nachukulia zako ni za waya mmoja, za volti 12. Wengi hushika taa ya kupimia, wanaigusa kwenye bati, inawaka, wanasema umeme upo. Taa hiyo inakudanganya. Yenyewe hula chini ya ampia moja, ilhali plagi moja hula kama ampia 10, na nne zikiwa pamoja ni 40 au zaidi. Waya uliooza ndani au nati yenye kutu inaweza kuipitishia taa umeme wake bila taabu, kisha ikashindwa kabisa plagi zinapodai haki yao. Chukua multimita, kile kipimo cha umeme. Waya mweusi uweke kwenye chuma kitupu cha silinda hedi, mwekundu kwenye kichwa cha plagi ya mwisho, halafu mwenzako awashe hita. Ukisoma volti 11 au zaidi, njia ni safi. Ukisoma 7 au 8, rudi nyuma hatua kwa hatua: bati, waya, rilei (swichi inayowashwa na umeme), swichi. Pale usomaji unaporuka ghafla ndipo penye ugonjwa. Trekta moja lilinisumbua asubuhi nzima, kumbe aliyebadilisha plagi alirudishia bati bila kulipiga msasa, na nati moja ilikuwa imekaa juu ya kutu. Nati hiyo ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kidole.

Ukikuta umeme uko sawa, fungua lile bati na upime kila plagi peke yake kwa omu, yaani ukinzani wake wa umeme. Plagi nzima ikiwa baridi husoma kati ya 0.5 na 2. Isiyosoma kitu imekatika, hata kama ilitoka dukani juzi. Ukilazimika kuzifungua, zifungue injini ikiwa na uvuguvugu, weka mafuta ya kulainisha kutu mapema, na usilazimishe. Ncha ikivimba hukatikia ndani, na hapo utavua silinda hedi. Ncha iliyoyeyuka upande mmoja mara nyingi inamshtaki jirani yake: nozeli inayodondosha badala ya kupuliza.

Na muda je? Plagi za mtindo wa zamani hazina haraka. Zipe sekunde 20 kamili kabla ya starta.

Yote haya yakiwa sawa na bado linagoma, pima betri wakati starta inazunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6, injini inazunguka polepole mno kujitengenezea joto. Kama inazunguka kwa nguvu na bado haiitiki, basi pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla hujanunua kitu kingine chochote.