Krimu imekuunguza uso na muuzaji hataki kurudisha hela

Pole sana dada, umesema krimu ulinunua hapo Mwanga ikakubabua uso alafu muuzaji anakwambia ikishafunguliwa hairudi, usikubali kabisa. Acha kupaka leo leo, nenda hospitali na kopo lenyewe, usilitupe, ligeuze uangalie viambato, kiwanda na tarehe ya kuisha, mi kuna moja niliikuta Kibirizi wamebandika stika juu ya tarehe, ukiibandua chini imeshapita. Ukiona imeandikwa haidrokwinoni (hydroquinone, kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki (mercury) ujue hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Malalamiko peleka TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tangu Julai 2019 vipodozi viko kwao sio TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa) tena, ambatanisha na cheti cha daktari. Mdogo wangu alitupa kopo akakosa ushahidi, inaniuma mpaka leo.